Kizazi cha Reli na Kizazi cha Kujitafutia: Ni Hulka au Ni Nyakati?

Kamina, mji wetu wa reli katika mkoa wa Haut-Lomami, Kongo, hakukosi mabishano juu ya vijana. Mhubiri atasema hawaheshimu wakubwa. Mkuu wa ofisi atalalamika kwamba hawavumilii: leo wameajiriwa, kesho wanauliza mshahara, keshokutwa wako migodini Kolwezi. Mzee wa reli aliyestaafu atasema hawajui saa. Vijana nao wana jibu lao: wazee waliikuta kampuni ikiwa nzima, ikawalea, ikafia mikononi mwao, na sasa wanadai nidhamu ya kazi kwa watu ambao kazi yenyewe hawajaionja. Tangu Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana dhidi ya Muswada wa Fedha na kuingia katika jengo la bunge Nairobi, mabishano haya yamepata jina jipya. "Gen Z" limetembea kutoka simu hadi simu mpaka Kongo, na kijana yeyote mkaidi huitwa hivyo, kwa sifa au kwa lawama.

Chini ya kelele hizo kuna swali zito. Je, watu waliozaliwa nyakati tofauti wana hulka tofauti? Au hulka ni ileile, ila mmoja ana miaka 22 na mwingine 60? Au wote wangefanana kama wangekutana na mazingira yaleyale? Majibu haya matatu huchanganywa kila siku, ingawa kila moja lina madai yake. Anayeshika la kwanza atataka vijana warekebishwe. Anayeshika la pili atasema wasubiriwe wakue. Anayeshika la tatu atataka mazingira yenyewe yatengenezwe. Zaidi ya nusu ya Wakongo hawajafika miaka 18, kwa hiyo kuchagua vibaya kati ya majibu hayo ni kukosea juu ya nchi nzima.

Majina yaliyoazimwa

Mgawanyo wa vizazi unaosikika redioni ulitengenezwa Marekani. Mwaka 1991 William Strauss na Neil Howe walitoa kitabu cha Generations, wakidai kwamba historia ya nchi yao inakwenda kwa zamu za vizazi, kila kimoja na tabia yake. Baadaye kituo cha utafiti cha Pew kikaweka mipaka inayonukuliwa kila mahali: waliozaliwa 1981 hadi 1996 ni Milenia, 1997 hadi 2012 ni Gen Z. Mipaka hiyo inafuata mambo ya huko, kama vile mashambulizi ya Septemba 2001 na intaneti kuingia majumbani. Mwaka 2021 mwanasosholojia Philip Cohen aliongoza barua ya wazi ya wanasayansi wa jamii kuitaka Pew iachane na majina hayo kwa kuwa hayana msingi wa kisayansi, na 2023 Pew yenyewe ikatangaza kwamba itayatumia kwa tahadhari kubwa zaidi.

Maisha ya watu wa Kamina yalikatwa na visu vingine. Aliyezaliwa 1950 alikuwa mtoto wa miaka 10 uhuru ulipokuja na Katanga ya Moïse Tshombe ikajitenga. Aliingia utu uzima chini ya MPR, chama pekee cha Mobutu, akifanya salongo, kazi ya lazima ya umma, na kubadilishiwa jina la ubatizo. Aliyezaliwa 1975 alifikisha miaka 16 mwaka wa uporaji wa miji wa Septemba 1991. Aliyezaliwa 1990 alikulia ndani ya vita mbili, ya 1996 hadi 1997 na ya 1998 hadi 2003. Aliyezaliwa 2010 alikuwa na miaka 9 serikali ilipoanza kutekeleza shule ya msingi bila malipo, mwaka 2019. Anayetaka kupanga vizazi vya Haut-Lomami aanzie hapo. Akumbuke pia kwamba sensa ya mwisho ya nchi ilifanywa 1984: Mkongo yeyote wa chini ya miaka 40 hajawahi kuhesabiwa katika sensa ya nchi yake, lakini tabia yake imeshatolewa hukumu.

Reli iliyolea watu

Huwezi kuelewa hasira ya wazee wa Kamina bila kuelewa walichopewa, na walichonyang'anywa.

Mji huu ulikuzwa na reli. Kampuni ya reli ya BCK, iliyoanzishwa 1906, ilikamilisha njia kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928. Mwaka 1956 tawi la Kamina hadi Kabalo likaunganisha mji na njia ya Ziwa Tanganyika. Kando ya mji Wabelgiji wakajenga kituo kikubwa cha kijeshi. Stesheni, karakana, kambi za wafanyakazi, misheni na soko vikawa mji.

Kazi hiyo ilikuja na mkataba mpana kuliko mshahara. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni kubwa ya migodi, ilikuwa imechoshwa na wafanyakazi waliokuja kwa miezi michache na kurudi vijijini. Ikaanza siasa ya kuwatuliza mahali pamoja na wake na watoto wao, na kampuni nyingine kubwa za Katanga, za reli zikiwemo, zikashika njia hiyo. Mtu alipewa nyumba kambini, posho ya chakula, zahanati na shule ya watoto. Mwanawe aliyefanya vizuri shuleni alitarajia kuingia kazini kwa baba yake. Upande wa pili wa mkataba ulikuwa mkali: sheria za kazi za kikoloni zilimwadhibu kwa jinai mfanyakazi aliyevunja mkataba, na maisha ya kambini yalikaguliwa mpaka ndani ya nyumba. Nidhamu ambayo wazee wanaikumbuka kama tabia yao ilikuwa kweli tabia yao, lakini ilishikiliwa kwa pande mbili, chakula upande mmoja na adhabu upande wa pili.

Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha 2001 anafuata mamlaka ndani ya familia ya mfanyakazi wa Katanga kuanzia 1910 hadi 1997. Kutokana na simulizi za familia hizo inaonekana wazi kwamba mamlaka ya baba yalisimama juu ya mabega ya kampuni. Riziki ilipopitia mkononi mwake, neno lake lilisikika. Ilipokatika, mama akaingia sokoni, watoto wakatoka kutafuta, na baba akabaki mkuu wa nyumba asiye na cha kugawa. Naona maelezo hayo yana uzito kuliko mahubiri yote juu ya adabu iliyopotea, kwa sababu yanasema adabu ilipotelea wapi.

Mkataba ulikatika haraka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Reli iliyobeba shaba hiyo ikakosa mzigo. Miji ikaporwa 1991 na tena Januari 1993. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia, na akiba ya miaka 30 haikununua gunia la mahindi. Katikati ya maafa hayo, mwaka 1992 na 1993, siasa za gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza ziliwafukuza Wakasai kwa mamia ya maelfu kutoka Katanga, wakiwemo mafundi wengi wa reli na migodi, wakarudishwa kwa treni kwa njia hii hii inayopita Kamina. SNCC, shirika la reli lililochukua sura yake ya sasa 1991, likalimbikiza mishahara isiyolipwa kwa miaka. Mwaka 2003 Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia.

Mlango mwingine ulikuwa umefunguka: Kanuni ya Migodi ya 2002 ilitambua uchimbaji wa mikono. Vijana wa Haut-Lomami wakateremka Kolwezi na Fungurume kuchimba. Wengine waliendesha pikipiki za abiria, wakauza yuniti na kuhudumia M-Pesa na Airtel Money, au wakafuata samaki wa chumvi Bukama na Kinkondja kuja kuwauza mjini. Hakuna kazi hata moja kati ya hizo inayomlipa mtu kwa kuwahi saa moja na nusu asubuhi kila siku kwa miaka 20. Zote humlipa mwepesi wa kusoma hali na kuhama.

Msimamo wa kwanza: vijana wameharibika

Msimamo huu ndio wenye sauti kubwa, na si wa kudharau. Wazee wanaona upotevu wa kweli. Udereva wa treni, ufundi wa karakana na utunzaji wa vifaa ni kazi zinazofunzwa pole pole, kwa kukaa chini ya mkubwa anayejua. Kijana anayekatiza katikati hubeba nusu ya ujuzi. Nyuma ya msimamo huu kuna pia fikra ya kale. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya kazi miongoni mwa Waluba wa Katanga, aliandika katika kitabu chake cha 1945 kwamba kwao uhai ni nguvu inayoongezeka na kupungua, na kwamba hushuka kwa ngazi, kutoka kwa mababu kupitia kwa wakubwa hadi kwa wadogo. Kwa mtazamo huo, kijana anayemvunjia mkubwa heshima anajikatia chanzo cha nguvu yake mwenyewe. Baadaye Aimé Césaire alimshutumu Tempels kwa kuwapa Waafrika heshima ya kifalsafa huku akiuacha utawala wa kikoloni ukae juu ya ngazi ileile. Shutuma hiyo inafaa kukumbukwa kila mara mwenye cheo anapotumia mila kumnyamazisha anayedai mshahara wake.

Udhaifu mkubwa wa msimamo huu ni kumbukumbu yake. Reli ilipofika, vijana waliokwenda kambini ndio walioyaacha mamlaka ya machifu, na kuanzia 1931 dola la kikoloni likaanzisha makazi yenye hadhi yake kisheria, nje ya utawala wa kimila. Machoni mwa kijiji, kizazi cha reli kilikuwa kizazi cha waasi. Wanasaikolojia John Protzko na Jonathan Schooler, katika utafiti wa 2019 uliohusisha Wamarekani zaidi ya 3,000, walionyesha jinsi lawama hizi zinavyozaliwa: mtu anayependa kusoma huona vijana hawasomi, na anayetukuza mamlaka huona hawana heshima. Kila mtu mzima hukumbuka utoto wa watu wote kwa kujitazama yeye alivyo leo.

Msimamo huu una sura yake ya kiserikali, na iko katika mkoa wetu. Kanyama-Kasese, katika eneo la Kaniama, ni kambi kuu ya Service National, taasisi iliyoundwa 1997 na inayoongozwa na Jenerali Jean-Pierre Kasongo Kabwik. Tangu 2020 imepokea vijana wa magenge wanaoitwa kuluna kutoka Kinshasa, ikawafundisha kilimo, ujenzi na ufundi mwingine, na mahindi yao yamesafirishwa kwa treni kwenda kuuzwa. Watetezi wa haki za binadamu wamehoji watu kupelekwa huko bila hukumu ya mahakama, na swali hilo halijibiwi kwa kuonyesha magunia. Lakini hata tukikubali kila sifa inayotolewa juu ya Kanyama-Kasese, tutazame ni nini kilichobadilika kwa kijana yule. Alipewa chakula kila siku, ratiba, vifaa, mwalimu na mazao yanayoonekana. Huo ni karibu mkataba wa BCK, ukiwa na amri ya kijeshi. Ikiwa ametulia, basi kambi imethibitisha kwamba hakuharibika moyoni kiasi kile. Na anaporudi Kinshasa mahali pasipo na chakula, ratiba wala vifaa, anarudi kwenye mazingira yaliyomfanya alivyokuwa.

Msimamo wa pili: ni umri tu

Wanasaikolojia wengi hupima hulka kwa pande tano: udadisi wa mambo mapya, umakini na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 2006 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 92 zilizowafuata watu kwa miaka. Waliona kwamba umakini na utulivu wa moyo huongezeka kadiri mtu anavyokua, hasa kati ya miaka 20 na 40. Kwa hiyo kijana wa miaka 22 anapolinganishwa na fundi wa miaka 55, sehemu kubwa ya tofauti inayoonekana ni ile iliyokuwapo kati ya fundi huyo na yeye mwenyewe alipokuwa na miaka 22.

Upande wa pili alikuwapo Jean Twenge, aliyedai katika Generation Me, mwaka 2006, kwamba vijana wa Marekani wanazidi kujipenda. Roberts na wenzake walimjibu 2010 kwamba kujipenda huko ni kwa ujana, na hupungua na umri. David Costanza na wenzake walipounganisha tafiti 20 mwaka 2012, wakapata kwamba tofauti za vizazi katika kuridhika na kazi, kujifunga na mwajiri na nia ya kuacha kazi ni ndogo au hazipo. Akademia za Sayansi za Marekani zilipopitia suala lote 2020, ziliwashauri waajiri wasisimamie watu kwa kutumia makundi ya vizazi.

Matokeo hayo yanagusa methali tunayoipenda sana, samaki mkunje angali mbichi. Inafundisha malezi mema, lakini wengi huitumia kumkatia tamaa mtu wa miaka 30 kana kwamba amekwisha kukauka. Ushahidi unasema bado anakunjika.

Hata hivyo, mwenye kusema "watakua tu" anasahau swali la kinachomkuza mtu. Wiebke Bleidorn na wenzake, mwaka 2013, walilinganisha watu wa nchi 62 na kuona kwamba hulka hukomaa mapema zaidi pale watu wanapopokea majukumu ya kazi mapema. Kalenda peke yake haitoshi. Mtu hupata umakini kwa kukabidhiwa jambo linaloharibika asipokuwa makini. Hapo ndipo Kamina inapoumia. Mwanamume wa miaka 35 ambaye hajawahi kuwa na kazi ya kudumu, ameshindwa kulipa mali ya mke, analala kwa kaka yake na kuitwa "kijana" kanisani, amenyimwa shule yenyewe ya ukomavu. Alcinda Honwana, mtafiti kutoka Msumbiji, alieleza hali hii katika kitabu chake cha 2012 juu ya vijana wa Afrika: wanakaa miaka mingi katika kungoja, wakiwa watu wazima kwa umri na wadogo kwa nafasi. Kuwaambia wasubiri ni kuwaambia waendelee na kilekile kinachowazuia.

Msimamo wa tatu: nyakati zilizowakuta

Karl Mannheim aliandika 1928 kwamba watu huwa kizazi pale tukio kubwa linapowakuta wakiwa wabichi, kabla hawajapata desturi za kulikabili. Glen Elder alilifuata wazo hilo kwa watoto waliokulia katika mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 huko California. Kitabu chake cha 1974 kilieleza waliozaliwa mapema miaka ya 1920: dhiki ilipobana nyumbani waliingia kazini na kusaidia kulisha nyumba, na wengi walisimama vizuri baadaye. Alipowalinganisha na waliozaliwa mwishoni mwa miaka hiyo, aliona wavulana waliokuwa wadogo zaidi dhiki ilipoanza waliumia zaidi. Kilichowatenganisha ni miaka michache na uwezo wa kufanya kitu kwa ajili ya nyumba.

Paola Giuliano na Antonio Spilimbergo, katika makala ya 2014, walionyesha kwamba Wamarekani waliopitia mdororo wakiwa na miaka 18 hadi 25 huendelea kuamini kwamba mafanikio hutegemea bahati kuliko juhudi. Msomaji wa Kamina hatashangaa. Kijana aliyeona baba yake akifanya kazi miaka 28 na kuishia na malimbikizo, kisha akaona jirani akirudi kutoka Kolwezi na pikipiki mpya baada ya miezi 6, amefundishwa somo juu ya juhudi na bahati ambalo hakuna mwalimu atakayelifuta kwa maneno. Kinyume chake pia hutokea. Nchini Ufini, vipimo vya wanaume walioingia jeshini, waliozaliwa kati ya 1962 na 1976, vilionyesha kujiamini na uchangamfu kupanda mwaka baada ya mwaka, katika nchi iliyokuwa ikiendelea. Hulka za rika zima zinaweza kusogea, kwa mema au mabaya, nchi inaposogea.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unaeleza tabia za pande zote mbili kwa kanuni moja. Uvumilivu wa mzee ulilipa; wepesi wa kijana unalipa. Udhaifu wake ni kwamba unaweza kusamehe kila kitu, kuanzia mkuu aliyekula mishahara hadi kijana aliyeiba vyuma vya reli. Nyakati hueleza kishawishi, na bado wako watu wengi waliopitia nyakati zilezile mikono safi.

Udhaifu wa pili ni kudhani mji mzima ulipitia jambo moja. Mtoto wa meneja wa reli, mtoto wa mvuvi wa Upemba aliyekimbia mapigano ya wanamgambo wa Mai-Mai, na mtoto wa familia ya Kikasai iliyotupwa stesheni 1993 ni rika moja lenye utoto wa aina tatu.

Na wasichana? Katika mabishano haya yote, neno vijana karibu kila mara humaanisha wavulana, na hilo linaficha badiliko kubwa kuliko yote. Mkataba wa kambi ulimweka mke chini ya kadi ya mume. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo ya kisheria, na sharti hilo liliondolewa na sheria ya 2016 tu. Lakini sokoni sheria ilikuwa imepitwa zamani. Mishahara ya reli ilipokoma, akina mama wa Kamina walishika biashara ya unga, samaki, mafuta ya mawese na nguo, wakachanga kwa zamu katika likelemba, wakalipa ada za walimu ambazo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilibebeshwa wazazi. Binti aliyezaliwa 1995 amekua akimwona mama ndiye nguzo ya riziki. Anapozungumza bila kuinamisha macho mbele ya mkuu wa ofisi, wapo wanaoona amekosa adabu. Mimi naona amejifunza kwa mtu aliyemlea.

Kipimo chenyewe

Waajiri wakubwa wa Katanga wanaweza leo kununua dodoso la hulka na kumpa mwombaji kazi alijaze. Tahadhari inahitajika. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walijaribu pande zile tano kwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, na hazikujitokeza kama vitabu vinavyosema. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichunguza majibu ya watu 94,751 katika nchi 23, nyingi za kipato cha chini na cha kati, wakaona kwamba dodoso linaposomwa na mdadisi ana kwa ana mara nyingi halipimi lilichokusudia. Mojawapo ya sababu ni kwamba watu humkubalia mgeni anayeuliza. Katika mji ambako kumkatalia mkubwa ni kosa, "ndiyo" ya mwombaji kazi haina uzito unaodhaniwa.

Tena kuna kizuizi cha hesabu ambacho hakuna dodoso linalokiondoa. Mwaka wa kuzaliwa, umri na mwaka wa leo vimefungwa pamoja. Ukijua viwili umejua cha tatu. Kwa picha ya siku moja huwezi kutenga kinachotokana na ujana, na nyakati, na kizazi. Ni lazima kuwafuata watu walewale kwa miaka mingi.

Gharama ziko wapi

Mwajiri wa Kamina, awe SNCC, shule, hospitali ya misheni au ofisi ya mkoa ulioundwa 2015, anakabiliwa na machaguo yenye hasara pande zote.

Chukua ukubwa kazini. Katika ofisi zetu mkubwa kwa umri huitwa papa au mama, hata na bosi wake. Desturi hiyo hulinda utu wa mtu ambaye pengine mshahara umeshamdhalilisha, na hufanya mafunzo yawezekane, kwa sababu mzee hafundishi anayemdharau. Hasara yake ni kwamba kosa la papa halisemwi mapema. Kwenye karakana na njia ya reli, kosa lisilosemwa hugharimu uhai. Aprili 2014 treni ya mizigo iliyobeba pia abiria ilipinduka Katongola, kaskazini mwa Kamina, na makumi ya watu wakafa. Ajali ile si ushahidi dhidi ya kizazi chochote, lakini inaonyesha uzito wa kazi inayozungumziwa. Kijana anayesema wazi huleta taarifa haraka na huvunja uhusiano uliokuwa ukimfundisha. Hapa sioni upande wa kuchagua. Palipo na hatari ya mwili, kanuni ya kazi ndiyo imlazimishe mdogo kusema, ili asionekane amejitakia, na mkubwa asione ameshushwa.

Chukua pia ajira. Mradi wa Benki ya Dunia ulioanza 2010 ulilipia, pamoja na mambo mengine, kustaafishwa kwa wafanyakazi wengi wa SNCC. Wazee walihitaji kulipwa haki yao, hilo halina ubishi. Ila ujuzi ulitoka nao mlangoni, na nyuma yao palikuwa na pengo la rika zima ambalo halikuingia kazini wakati wa miaka ya vurugu. Kijana anayeajiriwa leo anakutana na mkuu wa miaka 58, bila wa miaka 40 katikati ambaye angetafsiri desturi za mmoja kwa mwingine. Sehemu kubwa ya kinachoitwa mgongano wa vizazi Kamina ni pengo hilo.

Kupima

Nikiyaweka haya yote kwenye mizani, msimamo wa pili una ushahidi mwingi kuliko yote, na wa tatu unaeleza Kamina vizuri kuliko yote. Inashikana pale tunapokumbuka kwamba umri hukomaza kwa njia ya majukumu, na majukumu yalikatika hapa kwa tarehe zinazojulikana. Wa kwanza una macho mazuri na utambuzi mbaya: anachokiona mzee kipo, sababu anayoitaja siyo yenyewe. Nakubaliana naye jambo moja zaidi. Waliokuwa watoto kati ya 1991 na 2003 walikosa vitu visivyorudishwa na umri pekee, hasa shule iliyotulia na mtu mzima mwenye kazi wa kumtazama. Kwao neno kizazi lina maana nzito, na wanastahili kuhesabiwa kama watu waliodhulumiwa kabla ya kupewa majina.

Kutokana na hayo yako mambo yanayoweza kujaribiwa bila kungoja mradi wa kigeni. Mwajiri anayetaka kujua hulka ya vijana wake alipe mshahara tarehe ileile kwa miezi 12 mfululizo, ndipo aanze kuhesabu wanaochelewa. Asipofanya hivyo, anachopima ni imani yao kwake. Makanisa yenye shule na mashamba yanaweza kumpa kijana wa miaka 20 hesabu za shamba azitunze, na kumwajibisha. SNCC inaweza kumlipa fundi mstaafu kwa saa za kufundisha, akiwa na wanafunzi wawili au watatu, wasichana wakiwemo, na kanuni ya usalama iliyoandikwa inayompa mwanafunzi haki ya kusimamisha kazi. Hili la mwisho lina haraka kuliko mengine. SNCZ, iliyotangulia SNCC, iliundwa 1974. Fundi aliyeingia humo mwaka huo akiwa na miaka 20 amekwisha kupita 70.